Raita Si Pambo la Sahani

Kila ninapoalikwa harusini hapa Dar es Salaam huona jambo lile lile. Sinia la biriani hutua mezani likiwa limekamilika: wali umechambuka, nyama imelainika, rojo limekolea, vitunguu vya kukaanga vimetapakaa juu. Kando yake huwekwa kibakuli cha kitu cheupe chepesi chenye vipande viwili vitatu vya tango, na hakuna anayekigusa. Pilipili ikishawaka mdomoni, mikono yote huelekea kwenye chupa za soda. Vyombo vinapokusanywa, kibakuli kile hurudi jikoni kimejaa vile vile kilivyokuja, kikamwagwe.

Kibakuli hicho huitwa raita, ingawa kilichobaki ni jina tu. Nami leo naandika kuitetea raita yenyewe. Nasema si pambo, si kitu cha kumridhisha mgeni kwa macho, wala si kitu cha kuongezwa maji ili kitoshe watu mia tatu. Ni nusu ya hesabu ya mlo wa Kihindi. Mapishi haya tuliyapokea pwani yetu kutoka kwa majirani waliovuka bahari, wengi wao wakitoka Gujarat na Kutch, tukayafanya yetu. Viungo tulivishika, ukali tukaushika, na pengine tumeuongeza. Ule ubaridi uliokusudiwa kwenda na ukali huo tumeuacha ugeuke maji, na familia zetu ndizo zinazolipa, mezani na mfukoni.

Anayetia moto ndiye anayetia ubaridi

Raita ni rahisi kuieleza. Mtindi mzito hupigwa mpaka ulainike, hutiwa chumvi na binzari nyembamba iliyokaangwa kavu ikasagwa, kisha huingizwa kitu kimoja kibichi au kilichopikwa: tango, nanaa, kitunguu, nyanya, kiazi cha kuchemsha, boga, hata nanasi. Huliwa ikiwa baridi. Lakini ukizunguka India utakuta kila upande una yake, na kila moja imefungamana na chakula cha mahali pale.

Huko Hyderabad, mji uliojijengea jina kwa biriani, sahani ya biriani hufuatana na vitu viwili. Kwanza ni mchuzi wa pilipili mbichi uliopikwa kwa karanga, ufuta na ukwaju. Cha pili ni mtindi wenye vitunguu, pilipili mbichi na majani ya giligilani. Tazama walivyopanga: kimoja kinapandisha moto, kingine kinaushusha, na mlaji mwenyewe anaamua kila tonge liwe vipi. Mpishi hakumwachia mgeni wake ahangaike. Aliufikiria ukali na tiba yake kwa pamoja, kabla hata ya kuwasha jiko.

Punjab na Delhi wana raita ya bundi, yaani vitone vya unga wa dengu vilivyokaangwa kwenye mafuta, vikaroweshwa kwenye maji ya uvuguvugu na kukamuliwa kabla ya kuingia kwenye mtindi. Hiyo huandamana na pilau na paratha za viazi. Kerala, siku ya sikukuu ya Onam, mlo mkuu hupangwa juu ya jani la mgomba, na miongoni mwa vyakula vingi vya jani hilo hukosi kukuta pachadi: mtindi wenye nazi iliyosagwa pamoja na haradali, ndani yake nanasi au biti, na juu yake mafuta ya nazi ya moto yenye haradali iliyopasuka na majani ya kari. Nazi, mtindi na haradali katika kijiko kimoja! Mpishi wa Tanga au Lamu angekielewa chakula hicho bila kuelezwa.

Raita inayonivutia kuliko zote ni ya Wagujarati. Wao hukatia ndizi mbivu kwenye mtindi, wakaongeza sukari kidogo, kisha wakatia haradali iliyopondwa, ile inayopanda puani ikakutoa machozi. Je, hicho nacho ni kizima moto? Hapana. Huwekwa kando ya dengu na mboga zilizopikwa kwa upole, zenye utamu wa sukari guru, nacho ndicho kinachozichangamsha. Hapo ndipo mtu anaona kwamba kazi ya raita ni pana kuliko kupoza ulimi. Chakula kikiwa kikali, inakituliza. Kikiwa kimepoa mno, inakiamsha. Kikiwa kikavu, inakilainisha. Kikiwa na samli nyingi, uchachu wake unaikata.

Wapo wanaodhani raita ilibuniwa kwa sababu ya pilipili. Historia haikubali. Pilipili hoho na jamaa zake, kali na tamu, asili yao ni Amerika. Zilifika India baada ya Wareno kufungua njia ya bahari, katika karne ya 16. Kabla ya hapo ukali wa India ulitoka kwenye pilipili manga ya Malabar, pilipili ndefu, tangawizi na haradali. Mtindi nao umetajwa katika Rigveda, maandiko ya kale kabisa ya Wahindu, maelfu ya miaka kabla ya Mreno kukanyaga Goa. Kwa hiyo pilipili ilipofika ilikuta mtindi umeshakaa mezani, na Wahindi waliweza kuipokea kwa mikono miwili kwa sababu chombo cha kuishusha tayari walikuwa nacho. Wahenga wetu walisema dawa ya moto ni moto, na katika mengine wana haki. Katika chakula, India ilifuata njia nyingine, na njia hiyo imewafaa.

Soda haizimi pilipili

Twende kwenye sayansi kidogo, maana ndiko hoja yangu ilikosimama. Ukali wa pilipili unatokana na kemikali iitwayo kapsaisini. Si ladha. Ulimini na kinywani kuna mishipa ya fahamu yenye vipokezi vya joto, ambavyo kwa kawaida huamka joto linapozidi takriban nyuzi 43 za Selsiasi. Kapsaisini huviamsha vipokezi hivyo hivyo, na ubongo ukaamini kwamba mdomo unaungua kweli. Aliyekigundua kipokezi hicho mwaka 1997 ni David Julius wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, na mwaka 2021 yeye na Ardem Patapoutian walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Sasa, kapsaisini haiyeyuki kwenye maji. Inayeyuka kwenye mafuta. Unapokunywa maji baada ya tonge kali, unaisambaza tu mdomoni. Ubaridi wa maji unakupa nafuu ya sekunde chache, kisha moto unarudi pale pale. Soda ni maji yenye sukari na gesi. Sukari inapunguza makali kidogo, lakini gesi ile huchoma ulimi ambao tayari umechokozwa. Maziwa yana kitu ambacho maji hayana: protini iitwayo kaseini, ambayo hujishikiza kwenye kapsaisini na kuiondoa ulimini. Mafuta ya maziwa nayo husaidia kuiyeyusha. Ndiyo maana hata mtindi uliotolewa siagi bado unafanya kazi, na ndiyo maana mtindi ulioongezwa maji mara tatu hupungukiwa nguvu. Nanaa inaleta harufu ya upoevu, tango linaleta unyevu, maana sehemu kubwa ya tango, karibu asilimia 95, ni maji. Lakini anayeondoa ukali ni maziwa. Ukiyapunguza maziwa umeondoa kazi yenyewe.

Fikiria basi familia inayokula biriani Jumapili, baba, mama na watoto wanne. Kila mmoja na soda yake. Soda ya kola ya mililita 330 ina takriban gramu 35 za sukari, kama vijiko vinane au tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na linasema ikiwa chini ya gramu 25 ni bora zaidi. Mtoto wa miaka saba anahitaji chakula kidogo kuliko mtu mzima, na kiwango chake cha sukari ni kidogo zaidi. Kwa soda moja tu amekwisha kukipita kile kilicho bora zaidi. Na pilipili bado inamuwasha, kwa hiyo anaomba soda ya pili.

Nusu lita ya mtindi na tango moja vinawatosha watu sita hao. Fanya hesabu kwa bei za duka la mtaani kwako. Popote nilipoifanya, raita ilikuwa nafuu kuliko soda sita, na pamoja nayo familia imepata protini na kalsiamu. Nani kati yetu angechagua hasara kwa makusudi? Tunachagua kwa mazoea, kwa sababu soda imekuwa alama ya heshima kwa mgeni, na mtindi tumeuona ni chakula cha asubuhi cha mtu asiye na kingine.

Maziwa ya usiku

Katika nyumba nyingi za India mtindi hutengenezwa usiku. Maziwa huchemshwa, huachwa yapoe mpaka kidole kikae ndani bila kuungua, kisha hutiwa kijiko kimoja cha mtindi wa jana na kufunikwa. Wakati wa joto yanaganda kwa saa nne hadi sita. Wakati wa baridi, kaskazini, chombo hufungwa blanketi na kuachwa mpaka asubuhi. Wanaotumia chungu cha udongo wana faida nyingine: udongo hunyonya sehemu ya maji, mtindi ukatoka mzito wa kukatika kwa kijiko. Raita ya mchana inaanzia hapo, usiku uliotangulia.

Haikuwa hivi kwa kila nyumba siku zote. Miji mikubwa ya India iliwahi kuwa na uhaba mkubwa wa maziwa. Mwaka 1946 wafugaji wa wilaya ya Kaira, Gujarat, wakiongozwa na Tribhuvandas Patel, waliunda chama cha ushirika ili wasiendelee kunyonywa na wanunuzi wa kati. Ndicho kilichozaa chapa ya maziwa ya Amul. Mhandisi Verghese Kurien alijiunga nao, na mwaka 1970 ukaanza mpango wa kitaifa wa maziwa ulioenea kutoka kijiji hadi mjini kwa njia ya vyama vya aina hiyo. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1990 India ilikuwa imeipita Marekani kwa wingi wa maziwa duniani. Mwanamke mwenye nyati wawili kijijini na mpangaji wa chumba kimoja Mumbai waliunganishwa na mnyororo mmoja, na mtindi ukawa kitu cha kila siku kwa watu ambao babu zao waliuona kwa nadra.

Kwa sababu hiyo nilisikitishwa na uamuzi wa serikali ya India, ulioanza tarehe 18 Julai 2022, wa kutoza kodi ya asilimia 5 kwa mtindi uliofungashwa na kuwekwa lebo, pamoja na kinywaji cha lasi na maziwa yaliyosukwa na kutolewa siagi. Mtindi unaouzwa kwa kupimwa kutoka kwenye chombo uliachwa bila kodi. Anayepata wa kupimwa ni yule aliye karibu na muuza maziwa anayemwamini. Anayenunua wa pakiti ni mfanyakazi wa mjini anayerudi saa mbili usiku, hana wa kumgandishia maziwa. Asilimia 5 si nyingi kwa mtu mmoja siku moja, lakini inamwangukia kila siku, juu ya chakula ambacho kwa Wahindi wengi wasiokula nyama ni moja ya nguzo za protini. Kuna vitu vingi vya kutoza kodi kabla ya kufika kwenye bakuli la mtindi.

Mgema na tembo lake

Wahenga walisema, mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ndicho kilichoipata raita kwenye kumbi zetu. Biriani ilisifiwa, wapishi wakapata kazi nyingi, na cha kwanza kupunjwa kikawa kile ambacho mwenye shughuli hakikagui. Atauliza mbuzi wangapi wamechinjwa, mchele wa aina gani, zafarani ipo au ni rangi. Mtindi hauulizii.

Lakini si maji pekee yanayoiharibu. Wapo wanaotumia mtindi wa pakiti wenye sukari na vanila, kwa sababu ndio uliokuwa karibu dukani. Hapo hata ukitia binzari ya Gujarat nzima hutapata raita. Wapo wanaokwangua tango na kulitia moja kwa moja bila kulikamua, na baada ya nusu saa maji yake yanajitenga na kukaa juu. Wapo wanaotia chumvi alfajiri kwa chakula cha saa nane mchana, chumvi ikayavuta maji yote kutoka kwenye mboga. Wapo pia wanaoiacha juani, jambo ambalo ni hatari kwa afya.

Njia ya kuifanya vizuri haina siri, inataka dakika chache tu za umakini. Kwangua tango, lipakae chumvi kidogo, liache dakika kumi, kisha likamue kwa kiganja mpaka maji yaishe. Weka binzari nyembamba kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukikoroga bila kuacha. Kwanza hakuna kinachotokea. Kisha harufu inabadilika ghafla, ule ubichi wa udongo unaondoka na kuja harufu ya kitu kilichochomwa, na punje zinageuka kutoka kahawia ya mchanga kuwa kahawia iliyoiva. Hapo hapo ziondoe, maana sekunde chache zaidi zitazifanya chungu. Ziponde kwenye kinu zikiwa bado na joto. Piga mtindi peke yake mpaka usione kidonge hata kimoja, ndipo uchanganye, na chumvi ya mwisho itie wakati wa kupakua. Ukipata ile chumvi nyeusi ya Wahindi inayonukia kama yai, tia chembe tu. Mtindi wetu wa ng'ombe wa kienyeji, ule mzito wa wafugaji wa bara, unatoa raita nzuri sana. Ukiwa mchachu mno, unganisha na maziwa yasiyoganda yaliyochemshwa na kupoa, usitie maji ya bomba.

Wanaojizuia, na wana sababu

Haki inadai niwataje pia wale ambao hawaili, au wanaila kwa masharti. Tiba ya jadi ya India, Ayurveda, katika kitabu cha Charaka Samhita, inakataza mtindi usiku, na familia nyingi za Kihindi zinafuata hilo mpaka leo: raita ni ya mchana. Wajaini, wafuasi wa dini ya Ujaini ya India, ambao wana hekalu lao pale Mombasa, hawachanganyi mtindi usiochemshwa na jamii ya kunde na dengu. Kwa hiyo raita ya bundi, pamoja na umaarufu wake wote, kwao haipiti mpaka mtindi upashwe moto kwanza. Napenda sana jamii inayofikiria chakula chake kwa kina namna hiyo. Ukiwaandalia chakula, waulize kabla.

Wengine wanaogopa maziwa kwa sababu tumbo linawasumbua. Hilo ni la kweli kwa watu wazima wengi wa Afrika na wa India pia, ambao miili yao haivunji vizuri sukari ya maziwa. Bakteria wa mtindi wameshaila sehemu ya sukari hiyo, na wanaendelea kusaidia kuivunja tumboni, ndiyo maana wengi wasioweza bilauri ya maziwa wanaweza mtindi. Aanze na vijiko viwili, aone.

Wapo watakaoniambia tuna kachumbari yetu, na inatosha. Kachumbari naipenda. Nyanya, kitunguu na ndimu vinauchangamsha wali, na hiyo nayo ni jamaa wa meza ile ile ya Kihindi. Lakini ndimu haina kaseini, na pilipili mbichi inayokatiwa ndani inaongeza moto badala ya kuupunguza. Viwili hivyo vinaweza kukaa pamoja, kama wafanyavyo Hyderabad na vitu vyao viwili.

Ninachoomba kwa wenye shughuli ni kidogo na kinapimika. Unapokaa na mpishi kupanga oda, usikubali neno "raita" liandikwe peke yake kwenye karatasi. Andika lita za mtindi, na uandike kwamba usiwe na sukari. Mgeni mmoja anatosheka na mililita 60, vijiko vinne vya chakula. Wageni mia tatu ni lita 18. Soda za watu hao hao, kwa chupa za mililita 300, ni lita 90, na hizo hakuna mwenye shughuli anayesahau kuziagiza. Punguza kreti chache za soda, fedha yake inunue mtindi, na mpishi akileta kibakuli chepesi mwambie akirudishe kabla wageni hawajaketi.